Watoto wa Kulinganishia

Rujewa, siku ya mizani

Nilimchomoa Lusajo kwenye ile kaptula ya mizani akiwa bado ananing'inia, mshale haujatulia, nikamwambia Bwana Mizani, "Leo hapimwi mtu hapa. Andika hivyo kwenye daftari lako."

Basi ni hapo uvumilivu wangu ulipokatika, nyie mnaonisimamisha kila nikienda kuchota maji. Mnauliza ilikuwaje Mbeya, ilikuwaje Iringa, nilionana na nani, nilisema nini. Nimechoka kusimulia vipande vipande huku ndoo iko kichwani. Nayaandika yote mara moja, na asiyejua kusoma asomewe.

Bwana Mizani si jina lake, sisi tulimwita hivyo. Ni mtu mzima, ana mvi, zamani alikuwa mwalimu, na hajawahi kumtolea mtu ukali. Ndiyo maana wengi mliniona nimemkosea. Lakini kumbukeni yeye ndiye aliyekuja na lile kopo mwaka juzi. Kopo la maziwa, mdomo umefungwa kitambaa, na kila mama mwenye mtoto mchanga anatumbukiza mkono bila kutazama. Ukitoa punje ya hindi, nyumba yako inapata unga wa mtoto kila mwezi, ule wa mahindi, karanga na maziwa. Ukitoa haragwe, mtoto wako anapimwa tu. Mimi nilitoa haragwe. Jirani yangu Mama Kabula akatoa hindi.

Mama Kabula ni Msukuma. Walikuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na mpaka leo balozi wetu wa nyumba kumi huwaita "wale wageni" ingawa wamezaa hapa. Alipopewa unga wake wa kwanza, Bwana Mizani alitusomea kanuni: unga ni wa mtoto wa nyumba hiyo peke yake, na atakayegawa atafutwa. Sote tukaitikia ndiyo.

Na tulifanya nini? Mnajua tulichofanya. Uji ukiiva kwa Mama Kabula, Lusajo alikuwa anajua kabla yangu. Kabula kijiko kimoja, Lusajo kijiko kimoja. Ua wetu na wao umetenganishwa na miti minne ya kuanikia nguo. Mtoto hawezi kunywa uji huku mwenzake amesimama upande wa pili anakifuata kijiko kwa macho. Nyumba zote za mahindi zilifanya hivyo na za maharage. Na kila mwezi Bwana Mizani akiuliza, "Unga anakula nani?" Mama Kabula anajibu, "Kabula peke yake." Akiniuliza mimi, "Wa kwako anakula nini?" namjibu, "Uji wa chenga za mchele." Tulikuwa tunamjibu anachotaka kusikia. Ni mgeni, ametoka mbali, ana kalamu mkononi.

Siku ile Landrova ilikuja haina magunia. Bwana Mizani akavaa miwani, akasoma karatasi. Imeonekana, alisema, kwamba watoto waliopata unga na watoto wasiopata wamekua sawasawa. Wote wamepanda. Basi kilichowakuza si unga, ni mvua nzuri za mwaka jana. Mradi unafungwa, na leo tunapima mara ya mwisho.

Mvua nzuri! Mwaka jana hapa Rujewa mpunga ulikauka ungali mbichi, tukawalisha ng'ombe majani yake. Mwaka huu ndio huo mnauona. Nyumbani kwangu palikuwa pamebaki chenga za siku chache, na tangu unga ucheleweshwe mwezi uliopita mikono ya Lusajo ilikuwa imeanza kulegea.

Nikauliza, "Sasa mwanangu alikuwa nani katika kazi yenu?"

Bwana Mizani akavua miwani. "Mama Lusajo, wewe umesoma mpaka kidato cha nne, nikufiche nini. Wa kwenu ni watoto wa kulinganishia."

Ndipo nikamchomoa.

Jioni, kabla jua halijazama, nilimwambia Mama Kabula naenda kwa wakubwa wa Bwana Mizani, naenda kusema kweli. Alikuwa anapepeta. Hakuinua macho.

"Kweli gani?"

"Kwamba tulikula pamoja."

"Dada, wewe ukisema hivyo utaambiwa umekosea. Mimi nikitajwa nitaambiwa nirudi nilikotoka, na ng'ombe zangu." Akaacha kupepeta. "Nenda. Sema lolote. Jina langu lisifike huko."

Nikamwahidi. Mume wangu, aliyekuwa anachimba mifereji, aliniambia neno moja tu: "Mtoto umfunike, kule kuna baridi."

Rujewa hadi Mbeya

Mpaka Igawa, kwenye barabara kuu, nilifika kwa miguu na kwa trekta, nusu kwa nusu. Pale Igawa nikakaa. Nilikaa asubuhi, nikakaa mchana. Malori yanapita kama yanafukuzwa. Mama mmoja anayekaanga samaki kambale aliniuzia kipande, mgongo ukiwa mweusi kwa moshi, nikamtafunia Lusajo nyama ya tumboni. Akakataa. Alitaka uji.

Lori la mpunga likasimama saa tisa. Dereva, mtu wa miraba minne, akanitazama mimi, akatazama mtoto, akatazama kikapu.

"Umempiga au amekupiga?"

"Nani?"

"Mumeo. Wanawake wa kikapu kimoja nawajua. Mmoja nilimfikisha Tunduma, mwaka wa pili huu hajarudi."

"Naenda ofisini."

"Wote husema hivyo."

Sikujisumbua. Akanipandisha mbele, na njia nzima akawa ananipa ushauri wa ndoa. Kwamba mwanaume akikasirika umpishe kidogo, umpikie, umwache ale peke yake. Nilimwambia kwetu hakuna anayekula peke yake, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Akafikiri sana. "Kumbe ana mke mwingine," akasema.

Tulipopita Chimala niliona kitu kilichonifumba mdomo. Nyuma yetu bonde lilikuwa la rangi ya mbuzi, vumbi na mabua. Mbele, milima imefunikwa mawingu mpaka kifuani. Kufika Igurusi matone ya kwanza yakagonga kioo. Inyala, mvua kamili. Uyole, matope, viazi, kabichi, kila kitu kijani mpaka inachukiza. Safari ya lori moja tu! Dereva akasema, "Mwaka huu na mwaka jana Mungu ametupenda." Nikamuuliza, "Nyie nani?"

Alinishusha Uyole kwa sababu lori lilikuwa linalala hapo. Lusajo alianza kukohoa. Mama mmoja Msafwa aliyekuwa anafunga magunia ya viazi alituona tumejibanza kwenye ukuta. Hakuuliza jina wala niendako. Alisema, "Mtoto wa tambarare huyo, hajui baridi. Njoo." Kwake kulikuwa na jiko la mkaa katikati ya nyumba na picha ya Yesu iliyopauka. Tukala viazi vya kuchemsha na chumvi, na maziwa mtindi. Nilimsimulia habari ya kopo, maana mtu akikulisha hivyo unajisikia kumlipa kwa maneno.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Si kicheko cha furaha.

"Kumbe mngewanyima wenzenu," akasema, "mngekuwa mnapata unga mpaka leo."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nililifikiria mpaka usingizi ukanichukua, na nilipoamka lilikuwa bado liko pale.

Mbeya, kwenye ofisi ya mradi

Ofisi ni vyumba viwili chini ya mlima, na mbele kuna kipande cha nyasi kilichozungushiwa waya. Ndani ya waya, juu ya kigingi, kuna chombo cha bati kama kikombe kirefu. Karani alitoka na mwavuli, akamimina maji ya chombo kwenye gilasi yenye mistari, akasoma, akaandika. Nikamsalimu, nikamuuliza anafanya nini.

"Napima mvua."

"Ya wapi?"

Akaniona mshamba. "Ya hapa, mama. Mvua inapimwa inakonyesha."

"Na ya Rujewa mnapimia wapi?"

"Rujewa iko chini ya ofisi hii," akasema.

Nyie, sijui kama mnanielewa. Ile mvua nzuri iliyosomwa kwenye karatasi, ile iliyokuza watoto wetu, ilikuwa mvua ya kikombe hiki. Mpunga umekufa Rujewa, na mtu amesimama na mwavuli Mbeya anatuandikia neema. Nilimwambia karani hayo, na sauti yangu ilipanda. Lusajo akaanza kulia. Karani akasema yeye hana mamlaka, kazi yake ni kikombe na kabati. Madaftari yote yamepelekwa Iringa kwa Daktari, mkuu wa utafiti, aliyehamia huko.

"Atasikiliza?"

"Ni mtu mzuri," karani akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka uondoke. Kisha akanifuata mpaka mlangoni akanipa nusu mkate wake umefungwa kwenye gazeti. Nikaupokea. Hasira haikatai mkate.

Mbeya hadi Makambako

Basi la Iringa, nililopanda kesho yake alfajiri, linapita Igawa. Mnalijua hilo, lakini kupita njiapanda ya kwenu huku hushuki ni jambo lingine. Lilisimama. Yule mama wa kambale alinipungia. Ningeweza kushuka, jioni niwe nyumbani, niseme ofisi ilifungwa, na hakuna ambaye angenilaumu. Niliwaza Mama Kabula na ungo wake. Niliwaza pia kwamba nikiuzungushia mkono wa Lusajo vidole viwili, vilikuwa vimeanza kukutana. Sikushuka.

Basi lilikufa karibu na Makambako, saa nne asubuhi. Dereva akaingia chini yake, akatoka na chuma, akakitazama kama mtu anayetazama barua asiyoweza kuisoma. Tukaambiwa nusu saa. Tulikaa mpaka saa kumi. Upepo wa Makambako hauna adabu. Unaingia kwenye khanga, kwenye sikio, kwenye mkate. Abiria waliwasha moto wa majani kando ya barabara. Mzee mmoja Mbena alikuwa na kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi, akawa ananikaribisha mara kwa mara.

"Onja, mama. Unatia joto."

"Nanyonyesha, baba."

"Basi mtoto naye atapata joto."

Watu wakacheka, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mizani. Akauliza kwa nini mtoto mdogo hivi anasafirishwa kwenye baridi. Nikamweleza kwa kifupi. Akasikiliza mpaka mwisho, kibuyu kikiwa mapajani.

"Sasa huyo Daktari," akasema, "alitaka kujua unga unafaa kulisha watoto?"

"Ndiyo."

"Si angemuuliza mama yake?"

Wote wakacheka tena. Lakini mimi nimesoma kidogo, na nilijua jibu si rahisi hivyo, na hilo lilinitia uchungu. Nilijua kwa nini mtu hupima kundi mbili. Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwa miche ya maharage: huu umwagilie, ule uuache, halafu utazame. Hakutuambia kama mche unaoachwa una mama.

Mchana, mwanamke wa kijiji cha jirani alileta sufuria ya kande kuuza. Nikapewa sahani. Nikakaa nayo mapajani, naitazama. Mahindi na maharage, chungu kimoja, hujui lipi limemlainisha mwenziwe. Abiria mmoja akaniuliza kama kuna nzi. Nikasema hapana. Nilimpondea Lusajo, akala, akaomba tena. Siwezi kuwaeleza kwa nini machozi yalinitoka pale. Nadhani ni moshi.

Iringa, Mlandege

Shangazi yangu, dada wa baba, ameolewa na Mhehe na anaishi Mlandege. Nilipobisha hodi alikuwa uani. "Kamwene!" akaitikia kwa Kihehe kabla hajanitazama, kisha akaona ni mimi, akapiga yowe, kisha akaona mtoto, na yowe likafa.

"Huyu ndiye Lusajo? Mbona shingo hivi?"

Alimwogesha maji moto, akampikia uji wa ulezi kwa maziwa. Lusajo akanywa mpaka akalala kijiko kikiwa mdomoni. Nilipomaliza kusimulia, shangazi alikuwa ameacha kucheka zamani.

"Mwanangu, sikiliza. Usiende kujishtaki. Mlidanganya serikali."

"Si serikali, ni mradi."

"Ana Landrova? Basi ni serikali. Utasema mligawana, na huyo jirani yako Msukuma atafanywaje? Wewe una mume wa huko huko na umesoma. Yeye ana nini?"

"Sitamtaja."

"Watakuuliza mlikula chungu cha nani. Utasema cha mbinguni?"

Alinifunga mtoto mgongoni asubuhi, kwa mikono yake, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ofisini niliambiwa Daktari yuko Kalenga. Leo kuna shughuli huko. Shughuli gani? Karani wa Iringa akasema, "Kura."

Kalenga

Nilipanda gari la mchanga mpaka njiani, nikamalizia kwa miguu. Mnajua Kalenga kwa hadithi za shuleni, kwamba ni makao ya Mkwawa, na kuna nyumba ya kumbukumbu. Sikuingia. Wanawake walikuwa wamekusanyika upande wa pili, kwenye uwanja wa kijiji, watoto mgongoni, na mbele yao kulikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na kopo.

Kopo lile lile! Au ndugu yake. Kitambaa kile kile. Safari hii si unga, ni kuku wa mayai. Ukitoa hindi unapewa majike matano na banda, mayai ale mtoto. Ukitoa haragwe unapimwa. Nilisimama nyuma ya kundi. Mbele yangu kulikuwa na wanawake wawili wameshikana mikono, mmoja na mimba kubwa. Alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, Kiswahili cha kuchanganya na Kihehe, lakini nilielewa: "Nikipata mimi, tumepata wote. Ukipata wewe, hivyo hivyo." Mwenzake akasema, "Na mayai tutayasema vipi?" Akajibiwa, "Tutasema amekula mtoto wa mwenye kuku."

Nyie! Ilikuwa sisi. Ilikuwa mimi na Mama Kabula, mwaka mmoja na nusu nyuma, tunajichimbia shimo kwa wema wetu.

Daktari ni mtu mwembamba, Mswahili mwenzetu, koti limeshonwa kiwiko. Nilimngoja mpaka mama wa mwisho akatoa mkono. Akadhani nimechelewa kura, akanisogezea kopo. Nikalifunika kwa kiganja.

"Nilishatoa, Daktari. Rujewa. Haragwe."

Akanipa kiti. Hilo namkubalia. Alinieleza bila kunidharau: unga ulikuwa hautoshi watu wote. Kama angewapa maskini zaidi tu, asingejua kama waliokua wamekuzwa na unga au na kitu kingine. Kura haina shangazi wala rafiki, alisema. Na kama ingeonekana unga unakuza watoto, angeenda na daftari mpaka juu, na vijiji vyote vya nyanda za chini vingepata, si Rujewa peke yake.

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Ningependa awe mjinga.

"Daktari, tulikula pamoja," nikamwambia. "Wa mahindi walitupa sisi wa maharage. Kijiji kizima, tangu mwezi wa kwanza. Ndiyo maana watoto wamelingana. Nusu nusu imetosha kuwashikilia wote. Na mvua unayoisema ilinyesha Mbeya kwenye ofisi yenu, kwetu haikunyesha."

Aliweka kalamu chini. Akawatazama wale wanawake waliokuwa wanaondoka na kuku wamewashika miguu.

"Kwa nini hamkusema?"

"Ungefanyaje tungesema?"

"Ningelazimika kuwafuta walio..."

"Basi umejijibu."

Akauliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu zaidi kuliko ukali, "Nipe majina. Nani alimgawia nani. Nyumba kwa nyumba. Nikiwa na majina naweza kulirekebisha daftari. Bila majina, mama, hii ni hadithi ya mtu mmoja, na ripoti imeshapelekwa."

Nilihisi kumbatio la Lusajo shingoni. Jina moja tu. Mama Kabula. Majina mawili, na pengine unga ungerudi kabla shingo ya mtoto haijawa nyembamba zaidi. Nilifungua mdomo. Niliona ule ungo ukisimama.

"Na ile kanuni ya kufuta? Bado ipo?"

"Ipo kwenye karatasi."

"Basi andika langu. Mimi nilikula. Wengine waulize wewe, ukishaichana hiyo karatasi."

"Siwezi kuichana peke yangu."

"Nami siwezi kutaja peke yangu."

Tukabaki hivyo. Mwisho akasema kama nina malalamiko niyaandike na kuyafikisha ofisini Jumatatu, nayo yatafungwa pamoja na ripoti. Sikumwambia habari ya wale wanawake wawili. Nilirudi Mlandege kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kunyamaza, maana watoto wao watapimwa mwaka mzima, na daftari litasema kuku hawana maana.

Jumatatu, Iringa

Jumapili yote nilikaa mezani kwa shangazi. Nilichana karatasi nyingi. Shangazi alipita nyuma yangu, akasoma begani, akasema, "Umejitaja mwenyewe tu?" Nikasema ndiyo. Akaleta chai.

Karani wa Iringa alisema hakuna fomu ya malalamiko ya mtu wa kulinganishia. Fomu ziko za waliopewa. Nikamwambia apige muhuri kwenye barua. Akauliza apige wapi. Nikamwonyesha. Akapiga, akanipa nakala, na nilitoka nje nikiwa sina hasira tena, nina uchovu tu, na njia yote ya kurudi mbele yangu. Jibu halijaja. Unga haujaja. Hii ndiyo nakala, neno kwa neno, msije mkasema nimeongeza.

*Kwa Mkuu wa Utafiti, Iringa.*

*Ndugu,*

*Yah: Malalamiko juu ya kufungwa kwa mradi wa unga, Rujewa*

*Mimi ni mama wa mtoto mmojawapo wa kulinganishia. Nalalamika kama ifuatavyo.*

*Daftari lenu la Rujewa si kweli, na sisi ndio tulioliharibu. Mtoto wangu ameandikwa hakula unga. Alikula, kila mwezi, tangu mwanzo. Badilisheni nyumba yangu iwe nyumba iliyokula. Kama kuna adhabu ya kudanganya, iwe yangu.*

*Aliyenipa simtaji. Mkitaka majina, andikeni kwanza kwa maandishi na muhuri kwamba hakuna atakayefutwa wala kuhamishwa kijijini kwa kosa la kumlisha mtoto wa mwenzake. Siku barua hiyo ikifika nitazunguka mwenyewe nyumba hadi nyumba na kuwaleteeni orodha.*

*Mvua mliyoandika kwenye ripoti imepimwa Mbeya. Wekeni kikombe Rujewa.*

*Kura sikatai. Nimeelewa kwa nini mnapiga. Lakini mlipiga kwa nyumba, na sisi hatuli kwa nyumba. Mahali watoto wanapokunywa uji pamoja hapawezi kutenganishwa na punje. Pigeni kura kwa kijiji kizima, hiki kipate, kile kisubiri, na kinachosubiri kiambiwe kinasubiri nini na mpaka lini. Msiwaweke majirani wawili, mmoja wa hindi na mmoja wa haragwe, halafu mkashangaa.*

*Mmesema unga haufai kwa sababu watoto wote wamekua. Nami nasema njooni mwezi ujao muwapime wote bila unga. Ila sitaki mje kupima hilo. Naomba gunia litangulie, mizani ifuate.*

*Naomba nijibiwe kwa Kiswahili, nipate kuwasomea wenzangu.*

*Mama Lusajo,*
*Nyumba ya haragwe, iliyokula unga,*
*Rujewa.*